Vidoa Vyekundu Alivyovifuta Mjukuu Wangu

Shoga, haya kanisimulia mjukuu wangu mwenyewe jioni hii, yule anayechunguza nyota kazini. Uso kauinamisha!

Mwezi jana mwenzake alimwonyesha vidoa vyekundu kwenye picha za nyota za kale, dunia hii haijakuwapo. Mjukuu wangu akamcheka mbele za watu: "Kaka, huo uchafu wa kamera!" Akavifuta.

Kumbe ni makundi ya nyota, madogo, yamebanana, kila moja lina shimo jeusi tumboni linakula na kunenepa!

Leo mkuu wao kauliza, "Nani alivifuta?" Mwenzake akasema, "Mimi."

Shoga, akasema "Mimi"! Na huyu wangu kanyamaza!

Nikamsogezea simu tu. Akampigia mkuu: "Nilivifuta mimi." Kisha akampigia mwenzake, naye akajibu:

"Haya dada, kesho uvirudishe vyote mia tatu."

Kalia mpaka kalala mapajani mwangu.