Mlango wa Nyuma

Hartford, Februari

Kaka yangu Efraín,

Pasteles zetu za ndizi na nyama, zilizobaki kwenye friza tangu Krismasi, tumezimaliza jana, tena tumeketi sakafuni, ofisini kwa binti yako. Usishtuke, mambo yameisha vizuri.

Unajua Migdalia wako ndiye aliyetufundisha sisi wapangaji kwenda kuketi kwenye ofisi za wakubwa mpaka watusikilize. Kwa kazi hiyo mtaa ukampeleka bunge la jimbo mara tatu. Lakini ulipofika mswada wa kuzuia wapangaji wasifukuzwe wakati wa baridi, akaacha kupokea simu zetu. Hata yangu, shangazi yake.

Basi tukaenda wanane, na makoti yetu. Karani akasema, "Mheshimiwa hayupo."

Bibi Providencia akamjibu, "Mwambie huyo asiyekuwepo kwamba miguu yake tunaiona chini ya mlango."

Ikapita saa nzima. Mwishowe Migdalia akatoka, akatuhesabu kwa macho.

"Shangazi, mlango wa nyuma nani anaulinda?"

Tukatazamana. Hakuna. Na hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza kwetu: mkubwa ukimbana mbele, atatorokea nyuma.

"Ningetaka, saa hizi ningekuwa nyumbani kwangu," akasema. Akavua viatu, akaketi katikati yetu, akaomba chakula. Mswada atausimamia, ametia saini tukimwona.

Nimelala usingizi ambao sijaulala tangu vuli, kaka. Novemba hii nitampigia kura. Mara iliyopita sikumpigia, na hilo usimwambie.

Dada yako,
Nereida