Kiti Nilichokichagua kwa Jina Lako

Krisensia, ndugu yangu,

Kitimwendo cha michezo kimefika. Ni cha aina ile tuliyokuwa tukiitazama kwenye simu yako pale wodini, magurudumu yametanuka chini kama mtu aliyejikita ili asisukumwe, na nyuma kuna kigurudumu kidogo cha kuzuia kupinduka. Ni chekundu. Ni chepesi hivi kwamba Zuhura wetu, mwenye mguu mmoja na maneno mia, alikiinua kwa mkono mmoja. Tangu siku hiyo nimetaka kukuandikia nikashindwa. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya kipaza sauti!

Kilipatikana kwa jina lako. Baada ya kukuzika kwenu Mollo nilirudi chuoni na hasira yangu yote, nikaipeleka katika kila ukumbi ulionifungulia mlango. Nilisema: Krisensia aliuawa na kidonda, na kidonda kilizaliwa na kiti kisichomtosha. Nilisema: hatuombi huruma, tunadai haki! Nilisema mwili wa mtu si kosa la kuombewa radhi. Watu walisimama, wengine wakilia. Wahisani wakaahidi kiti kimoja kwa timu yetu ya kikapu, na timu ikaniachia mimi kazi ya kukichagua.

"Mheshimiwa ndiye aliyekipigia kelele," Zuhura alisema, "basi na akikalie yeye."

Fundi wa viti alinipigia simu kutoka karakana. Aliuliza upana wa nyonga, akauliza urefu wa paja. Kisha: "Dada, ukiinama kuokota mpira, unarudi mwenyewe?" Akanieleza bila haraka kwamba mwenye kiwiliwili chenye nguvu huwekewa kiti cha juu na egemeo fupi, apate kuufikia mpira, na yule ambaye nguvu zake zinaishia kifuani huketishwa chini, kiti kikiinamia nyuma, egemeo likipanda hadi mbavuni.

Nikamjibu, "Narudi mwenyewe."

Sirudi. Nani anajua hilo kuliko wewe, uliyekuwa ukinivuta kwa kola ya jezi kila mpira ulipodondoka? Uti wetu wa mgongo ulivunjika karibu mahali pamoja, wako kwa kuanguka kutoka juu ya lori la mahindi la Laela, wangu kwa pikipiki. Lakini wewe ulijifunga kwenye egemeo kwa kanga, kifuani, uwanja mzima ukiona, ukasema, "Mgongo umelala, mikono haijasinzia," ukatumbukiza mpira kikapuni. Mimi nilijifunga chini ya sweta.

Nilidanganya kwa sababu nilitaka kukaa juu. Tangu nianze kukalia kitimwendo nimekuwa nikizungumza na vifungo vya makoti ya watu. Wazee walipokuja mazoezini na wasichana wakapiga magoti kuwaamkia, wewe ulininong'oneza sikioni: "Sisi tumeshatangulia chini, watusamehe." Ulicheka hadi ukakohoa. Mimi niling'ata meno. Na huyu mwenye kung'ata meno ndiye aliyekwenda kuwahubiria wengine wasiuonee mwili wao haya.

Siku ya kukizindua, mama yako alipanda kutoka Mollo na kibuyu cha togwa ya ulezi. Alikipigia kiti magoti na makofi, kama anavyomwamkia mgeni wa heshima, kwa kuwa kilikuwa na jina la mwanawe. Kisha nikakikalia. Kwa muda mfupi, Krisensia, nilikuwa mrefu. Mpira ukadondoka karibu na gurudumu, nikainama, nikabaki hukohuko: kifua juu ya magoti, nywele zikifagia saruji, mikanda ikinishikilia miguu, na kiti kikijiendea polepole chenyewe. Aliyekimbia kuniinua ni mama yako.

Naye, akinifuta vumbi, akasema: "Kiti kimemkataa. Ni cha mwanangu hiki. Mwanangu ana hasira."

Nikanyamaza.

Elewa uzito wa kunyamaza huko. Mimi ndiye niliyezoea kuyaita maneno kama hayo giza la kufukuzwa kwa elimu. Siku ile giza lilinifaa, nikajifunika nalo. Kiti kikafungiwa stoo ya parokia, hakuna aliyethubutu kukigusa. Mama yako akaomba Misa. Akaanza kuwauliza majirani alikosea wapi: pengine ulitaka kuzikwa na lile sweta lako la bluu, pengine ulisikia njaa siku ile ya mwisho hospitalini naye hakujua.

Nilipoyasikia hayo nilikodi bajaji hadi Mollo. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilimkuta uani anapepeta ulezi, na hotuba ikaisha kabla ya kuanza. "Mama, kiti hakikunikataa. Nilimdanganya fundi kuhusu mgongo wangu. Niliona aibu."

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Kwa hiyo Krise hana hasira?"

"Hana, mama."

"Hata na mimi?"

"Hata na wewe."

Alijifunika uso kwa kanga. Alipojifunua alisema tu, "Ungeniambia siku ileile, mwanangu. Siku ileile." Kisha akaingia jikoni kunisongea ugali, nami sikujua nitaumezaje.

Stoo imefunguliwa. Zuhura, ambaye kiwiliwili chake ni kizima, amekikalia, na kiti kimepata mtu wake. Jumamosi alinipita mara nyingi nisizotaka kuzikumbuka, akipaza sauti: "Mheshimiwa, leo na wewe ni mwananchi!" Timu ilicheka, nami nilicheka nao, uso ukiniwaka. Fundi nimempigia; amenipima upya kwa maswali yaleyale, na nimemtajia mbavu ambapo nguvu zangu zinaishia. Hakunikaripia. Nilitamani anikaripie.

Lakini usidhani nimetulia. Lile "hata na mimi?" linanifuata hadi darasani. Nililiweka mimi kinywani mwa mama aliyekuosha na kukugeuza kila siku, ili tu watu wasijue kwamba siwezi kuinuka mwenyewe.

Lala salama, Krisensia. Kumbi bado zinaniita, na nitakwenda, kwa kuwa wengi bado wanakalia vidonda. Ila nakuahidi hili: sitaliweka tena jina lako mahali ambapo nilipaswa kuweka langu.

Ndugu yako,
Anyesi