Mgongo wa Baba Yako

Mtaa wa Kanisa,
Pittenweem, Uskoti.
9 Aprili

Mpendwa mwanangu Struan,

Hujambo huko Nyuzilandi? Mkeo Lorna hajambo? Na kikohozi cha mtoto mdogo kimepoa? Sisi tu wazima, ukiacha magoti yangu, ambayo nimeshayazoea.

Sasa nikupe habari za baba yako, maana najua yeye hatakuambia. Majira ya baridi mgongo wake ulikauka kama ubao. Ukimwita kwa nyuma, anageuka mwili mzima, miguu kwanza. Na mwaka huu ndiyo zamu yake ya kupiga mpira wa kwanza wa msimu pale klabuni kwao kwa gofu, heshima aliyoingojea tangu u mtoto! Akasema wampe mwingine, yeye gofu basi. Niliogopa, mwanangu. Tangu mama yako atutoke, gofu ndiyo inayomtoa nyumbani.

Nikamkokota kwa Mhairi, yule binti anayetibu viungo. Ndugu yangu Archie akadai mikono ndiyo imechoka.

"Mikono yako haina neno, babu. Mgongo ndio haugeuki. Tuulainishe."

"Uulainishe? Kwani ni nyama ya supu?"

Akapewa mazoezi: kukaa kitini na mpini wa fagio mabegani, akijigeuza huku na huku, kisha kupiga magoti, mikono chini, akiupandisha na kuushusha mgongo kama paka. Kwa kuona haya, akafunga mapazia mchana kweupe. Na unajua mtaani kwetu mapazia yakifungwa mchana, kuna maiti ndani. Jirani yetu Jean Petrie akaja mbio na sufuria ya supu, kavaa nyeusi, macho mekundu, akamkuta marehemu kwa miguu minne juu ya zulia.

"Archie! Mbona uko hai?"

"Nisamehe, Jean. Lakini supu usirudi nayo."

Tangu hapo mapazia yako wazi, na Jean huja kusimamia mazoezi. Mimi simo.

Jumamosi akapiga. Alijizungusha vizuri, mpira ukavuka vichaka vya miiba, watu wakashangilia, nami nikalia bila aibu. Yeye hata hakuutazama ulikoangukia. Miguu ikiwa palepale, aligeuza mgongo akaangalia nyuma, pale wewe ulipokuwa ukisimama utotoni, umembebea mfuko wake wa fimbo za gofu. Kisha akaniuliza kama huko kwenu sasa ni usiku.

Jean anakusalimu, nami namsalimu Lorna na watoto. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Njoo, mwanangu. Siku nyingine akigeuka, akukute.

Shangazi yako akupendaye,
Elspeth