Kioo Kilichotakiwa Kubaki Giza

...na hapo simu ya redioni ikakatika, mpendwa mshauri, kabla sijafika kwenye kinachoniliza, kwa hiyo naomba nimalizie kwa barua. Nilikuwa nakwambia nimeolewa juzijuzi na mwanamume ambaye nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unanidunda, ananiita Asali hata mbele za watu, na anafanya kazi maabara ya dada yangu mkubwa, aliyenilea, wanachunguza vijidudu vya chembe moja vinavyoogelea kwa vinyweleo, wakitafuta ni wapi hasa ndani yake inakaa kemikali ya kuitana. Kwenye kioo kimoja chenye vijidudu wanatia dawa inayoing'ang'ania kemikali hiyo na kung'aa kijani, halafu kioo cha pili hakitiwi dawa, hicho lazima kibaki giza, kikiwaka nacho basi mng'ao si wa dawa na picha haithibitishi kitu. Mume wangu alipata picha nzuri, kijani kitupu kuzunguka mdomo wa kijidudu, dada akaja kwetu kula, akamwambia, "Shemeji, umenitoa kimasomaso," mume wangu akainamia sahani, na dada alipoondoka akaniambia kioo cha pili nacho kiling'aa vilevile, akakitupa. "Ukimwambia dada yako, Asali, umenizika." Wiki ijayo dada anaionyesha picha ile kwa wataalamu wenzake. Mume wangu hali, halali, hata mkono hanishiki tena. Nampenda hadi naumwa, na dada ndiye mama yangu. Nimwokoe yupi?

Mwanangu, nakujibu kwa barua, si redioni: hongera kwa ndoa, na pole. Ila swali lako ni la mtu aliyelewa mapenzi. Mtaalamu mmoja tu akiuliza, "Kioo cha pili kiko wapi?" wanazama wote wawili, na wewe uliyejua utamtazama nani usoni?

Kazi kuharibika ni kawaida ya kazi. Kuficha ndiko kunakomla mumeo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Leo jioni zima redio, hata kama ni mimi ninayeongea. Mwambie ana hadi kesho kumweleza dada yako kwa mdomo wake na kuomba kazi irudiwe. Asipofanya, utasema wewe, tena yeye akiwapo. Usimwendee dada kwa kificho. Atafoka, na huenda mumeo akafukuzwa, sikudanganyi. Lakini mtu hammwagii mkewe siri kama hiyo ila anatafuta wa kumsukuma. Msukume.

Anwani yenu ninayo. Kabla mwezi haujaisha nitapita kuwajulia hali, kazi iwepo isiwepo.