Nyama ya Wakwe wa Majimoto

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Leo nimeshinda naimba! Maximilian wangu anataka kuoa. Huyu huyu mwanangu, karani wa stesheni hapa Mpanda, kaptura nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Treni haiondoki mpaka yeye aandike. Sisemi kwa kujisifu, nasema ilivyo.

Msichana ni Kalista binti Baltazari, Mpimbwe wa Majimoto. Nilimwona kanisani wakati wa Pasaka. Mrefu, mtulivu, ana sauti nzuri ya kuimba. Mtaa wetu wote wa Majengo nimekwisha waambia.

Jioni akaja Fabiani, mshenga wetu, na maneno ya wakwe. Wamekubali – ila. Kuna ila! Ukoo wao ni wawindaji. Kabla ya kupokea mahari, mama wa mume hupewa nyama ya porini aitengeneze kwa mikono yake, shangazi wa binti akimtazama. Kisha wote nyumbani waile. Akikataa mtu, akitapika mtu, posa imekufa.

Nikauliza, nyama gani? Fabiani akajikuna kichwa. Akasema yoyote watakayoipata.

Yoyote! Mimi mtoto wa Karema, nimelelewa kwa kuhe na migebuka, samaki wanaoshinda wanaoga! Mume wangu Dionizi amecheka mpaka akakohoa. Yeye anakula chochote. Mgodini wamemharibu.

Alhamisi, 4 Agosti

Shangazi mtu amefika. Paskalia, dada yake Baltazari. Mfupi, mkavu, mtu wa ugoro. Atakaa kwetu mpaka mambo yaishe. Akatua kapu jikoni, akafunua majani – nungunungu! Makarius, kaka yake Kalista, kamnasa huko Litapunga. Mzima mzima, na miiba yake, meno ya njano, jicho moja wazi linanitazama.

Nikasema, Mungu wangu, si panya huyu? Paskalia akasema panya ni yule anayekimbia darini kwako, mama. Huyu ni nyama.

Basi nikaanza. Kummwagia maji ya moto, kung'oa miiba. Kila mwiba unatoka na kijinyama cheupe kwenye shina – ptu! Nikajifunga kanga puani. Paskalia akaniambia niifungue, kwao anayeziba pua amekwisha kataa. Nikafungua. Harufu ya zizi la mbuzi na shimo la udongo. Kisha kumbabua motoni, uvundo wa manyoya ukajaa nyumba. Kisha tumbo. Nilipolipasua lilishusha pumzi. Naapa lilishusha pumzi!

Kula je? Tonge kubwa la ugali, nyama kidogo katikati, nameza bila kutafuna. Paskalia akanitazama sana. Mama Maximilian, akasema, hiyo ni nyama, siyo kwinini. Dionizi akacheka tena. Nikamkanyaga mguu.

Max alikuwa zamu. Bakuli lake nikalifunika. Aliporudi alifunua, akafunika, akatoka nje. Baba yake ndiye kalimaliza.

Lakini Paskalia aliponiuliza, kijana kala? – nikasema kala! Kala na kulamba bakuli, akaniuliza, mama, hakuna nyingine? Yule mtoto tumbo lake chuma!

Maneno yameniponyoka. Nikianza kumsifu mwanangu mdomo unakwenda wenyewe. Paskalia amefurahi mno. Atampelekea kaka yake habari.

Jumapili, 7 Agosti

Baada ya misa jirani yangu Skolastika kanikamata mlangoni mwa kanisa. Eti nasikia siku hizi kwenu mnakula panya wa miiba? Mbele za watu! Nikamwambia ndiyo, na ni watamu, ila wanaliwa na watu wenye wakwe. Mabinti zake wote wako nyumbani bado. 

Watamu! Tangu Alhamisi nikipiga mwayo harufu inarudi.

Ijumaa, 12 Agosti

Lori la mchele kutoka Majimoto limeshusha kitu mlangoni kwetu. Watu wawili wamekibeba kwenye mti. Mguu wa kiboko!

Bwana Nyama, yule afisa wa serikali wa wanyama wa porini, alimpiga risasi juzi huko kwao. Alikuwa anafukuza wanawake wateka maji. Watu wakagawana, na Baltazari akasema mguu wa nyuma ni wa mama Maximilian. Ngozi nene kama godoro, ya kijivu, ina vinywele vichache kama kidevu cha mzee. Chini yake mafuta meupe, na pale ulipokatwa damu imekuwa nyeusi. Nzi walikuja pamoja nao kwenye lori.

Moyo ulikufa. Halafu nikakumbuka – leo Ijumaa! Nikasimama wima. Nikasema, Paskalia ndugu yangu, sisi ni Wakatoliki, leo hakuna nyama. Mimi katekisimu niliimaliza Karema kwa masista, sikuifundishwa njiani.

Paskalia akachukua ugoro wake taratibu. Akauliza, kiboko anaishi wapi? Nikasema, majini. Na samaki anaishi wapi? Nikasema, we mama we, samaki ana miguu? Akasema huyu mguu mmoja tu umeletwa, mingine hatuioni.

Watu wakacheka uani kote! Nikamwita Thadei katekista. Akauzunguka mguu, akaukandakanda mafuta, akameza mate. Mwisho akasema ni nyama, isiliwe leo. Nikashangilia. Paskalia akasema basi tuikate sasa, tuibanike, tuile siku nyingine. Nikakataa. Nikasema Ijumaa mimi hata kuigusa siigusi. Nikaufunika kwa majani chini ya mti, nikaenda kukaanga migebuka.

Nalala mshindi.

Jumamosi, 13 Agosti

Mshindi! Mjinga mimi!

Asubuhi mguu umevimba. Nilipoondoa majani kukatoka mvuke. Funza – weupe, wanene, wanapandana kama mchele unaochemka.  Katekista alikataza kula. Nani alinikataza kubanika? Mimi mwenyewe, na katekisimu yangu.

Paskalia hakunicheka. Ningependa anicheke. Alinipa kisu tu, akaniambia, sasa utakata sana, mama. Nikakata. Sehemu mbovu tukazika. Ngozi haikatiki, kisu kinateleza kwenye mafuta, mafuta yanaingia kwenye kucha. Hata sasa naandika yako kwenye kucha. Nimenawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, hayatoki.

Tukiwa tunabanika nilimwuliza, jamani, kwa nini mnatutesa hivi? Si mtupe tu Kalista, muwe mnakuja kumtembelea, mambo yaishe?

Akaniambia habari za Josephina, dada mkubwa wa Kalista. Aliolewa mbali, kwa watu wa maduka. Siku ya kwanza kuwapikia alipika ndezi, yule panya mkubwa wa porini, aliyeletewa na baba yake, akijua anawapa kitu kizuri. Mama mkwe akaitema nyama chini, akamwita mla panya. Tangu hapo alikula peke yake nyuma ya nyumba, na chungu chake peke yake. Hawakumpiga. Walikuwa wanaziba pua tu akipita. Alirudi kwao kakonda, na mpaka leo kupika mbele za watu anaogopa. Ndipo Baltazari akasema mtoto wake mwingine hatatoka mpaka aone midomo ya watu inavyokula.

Nikageuza nyama kwenye kichanja. 

Jumapili, 14 Agosti

Max kanifuata jikoni. Anasema, mama, mimi hiyo kitu siwezi. Nikamwambia wewe, unayeandika treni nzima, utashindwa na kipande? Akasema treni hailiwi.

Nikamwuliza, Kalista unamtaka? Akasema zaidi ya kazi yangu. Nikamwambia basi utafumba macho.

Akaniuliza kwa nini nimemwambia Paskalia ana tumbo la chuma. Nikajifanya nachochea moto.

Jumatatu, 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria

Naandika haraka. Wageni wako uani.

Wamekuja baada ya misa. Baltazari, mtu mkubwa, koti jeusi, sauti ya upole kabisa. Fabiani yuko nao. Kalista yuko kando ya shangazi yake, hanyanyui uso. Na Josephina kaja. Nilimjua bila kuambiwa. Akiongea na wewe hatazami macho, anatazama midomo.

Nimepakua mwenyewe. Nyama imechemka tangu alfajiri na bado inarudisha meno. Ina utamu fulani, utamu mbaya, na nyuma yake harufu ya tope la bwawa. Mbele ya Josephina sikumeza kama kwinini. Nilitafuna! Nilitafuna mpaka taya likauma, nikasema aisee, hii imeiva. Josephina akainamisha kichwa. Nadhani alitabasamu kidogo. Nikaona sasa tumepona.

Ndipo Baltazari akasema, na huyu kijana wangu wa tumbo la chuma je? Nimesafiri kumwona anavyokula! Akatoa kisu chake mwenyewe, akachagua kile kipande cha heshima, ngozi na mafuta, kinatikisika chenyewe, akakiweka kwenye sahani ya Max. Cha bwana stesheni, akasema. 

Max akakitazama. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nikaona koo lake linapanda na kushuka – nalijua lile koo, nimelilea mimi! Anatapika huyu! Nikaruka. Jamani hakina mchuzi! Nikanyakua sahani, nikaingia nayo chumbani.

Sasa nimekaa kitandani, mgongo mlangoni. Kipande nimekitia mdomoni mwangu chote. Kikishuka nitamwita Max ndani, atoke na sahani yenye mchuzi mtupu, niseme kala huku huku, njaa haikumpa subira. Ndiyo hila yangu, sina nyingine. Lakini hakishuki! Ngozi haitafuniki, mafuta yanateleza, kinakwenda mpaka kooni kinarudi. Nikikitema dirishani kuku watakikokota mpaka uani, mbele ya miguu ya Josephina. Naandika ili mkono ushughulike koo lisahau. Machozi yananitoka, ya kichefuchefu tu, silii.

Nusu imeshuka. Bikira Maria nisaidie nusu nyingine.

Wamecheka huko nje. Baltazari anauliza mama kapotelea wapi na mchuzi. Anasema leteni sahani nyingine, kijana asikae na njaa kwa ajili ya mchuzi, nyama ipo tele. Nasikia kisu. Anasema, tena huyu Josephina ndiye anakukatia, mkwe wangu, kwa mkono wake. Pokea.

Nasikia sahani inawekwa mbele yake.

Max hajajibu. Na mimi mdomo umejaa, siwezi hata kuita.