Nilichowatafsiria Balambala

Jumatatu, 1 Septemba
Saa kumi na mbili asubuhi, tayari garini. Vumbi mpaka kwenye meno. Leo wapimaji wamefika karibu na Balambala. Wao wanapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, mimi natangulia kuwaeleza wenyeji kwamba hatujaja kuchukua mbuzi wa mtu. Ndiyo kazi yangu, mkalimani wa kampuni ya reli. Kisomali, Kiswahili, Kisomali tena, kutwa nzima.

Bibi mmoja aliniuliza kama treni itasimama kwao. Hapana, itasimama Garissa mjini. Hapa itapita tu, mbio kuliko gari lolote alilowahi kuona. Akauliza, "Sasa mimi inanihusu nini?" Nikacheka. Sikukipenda kicheko changu.

Jumatano, 3 Septemba
Nimeona mchoro mpya mezani kwa Injinia Kioko. Ndiye mkuu wa kambi, mtu wa Kitui, mpole, hazungumzi sana. Mchoro wa zamani ulikuwa na vivuko vitatu vya mifugo, njia za kupita chini ya reli. Huu mpya una kimoja. Tena kiko mbali kaskazini, mwendo wa nusu siku kwa ng'ombe mwenye nguvu. Kwingine kote ni ua wa waya pande zote mbili, kwa sababu treni ya kasi ile haiwezi kusimama ghafla ikikuta ngamia.

Nikamwuliza. Akaikunja karatasi.

"Hiyo bado haijapitishwa, Deka. Usiende kuwachanganya watu kabla ya baraza."

Haijapitishwa. Lakini nimeona mihuri.

Alhamisi, 4 Septemba
Nyumbani Garissa. Hooyo, mama yangu, anawaambia majirani binti yake anajenga reli. Sijengi kitu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Kioko anasema baraza likienda vizuri nitapewa kazi ya kudumu. Tangu nimalize chuo nimezunguka na vyeti mkononi, na hii ndiyo ofisi ya kwanza kuniita. Naitaka. Naandika hivyo ili nisijidanganye.

Jumapili, 7 Septemba
Balambala, kwa Abti Gedi, kaka yake hooyo. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha.

Alasiri alinipeleka malka, njia ya mifugo ya kushukia Mto Tana. Imekanyagwa miaka na miaka mpaka imekuwa kama bonde. Kiangazi hiki ng'ombe wanakunywa leo, kesho wanakaa, keshokutwa wanakunywa. Wakikaa zaidi ya hapo bila maji wanaanguka. Vigingi vyetu vimeikata njia katikati.

Abti alisema wazee hawana wasiwasi. "Kwingine wanaletewa mkalimani mgeni. Sisi tumeletewa mtoto wetu."

Tulikuwa wawili tu. Nafasi nilikuwa nayo. Sikumwambia habari ya mchoro mpya.

Jumanne, 9 Septemba
Baraza. Watu wengi, hata kutoka mabomani. Mzee mmoja akauliza habari ya vivuko. Kioko akajibu, "Suala hilo litazingatiwa katika usanifu wa mwisho."

Jibu lisilo na kitu ndani. Nikalijaza mimi. Nikawaambia kwa Kisomali, vivuko vipo, vitatu, na kimoja kiko hapa hapa malka yenu.

Hakuna aliyenilazimisha. Kioko hajui hata neno la Kisomali. Niliona nyuso zao zikilegea na nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Wakatia dole gumba kwenye fomu za kukubali. Abti Gedi wa kwanza. Mimi ndiye niliyemshikia kidau cha wino.

Nimesema uongo.

Jumatano, 10 Septemba
Barua ya kazi ya kudumu imekuja. Sikula.

Ijumaa, 12 Septemba
Mafundi wameanza kipande cha majaribio. Tuta na ua. Wameanzia malka. Sikujua wangeanzia pale.

Na ningejua? Sijui ningefanya nini.

Jumamosi, 13 Septemba
Nilikuwepo. Ng'ombe walifika saa nne, ni siku yao ya maji. Walikwisha kuunusa mto. Wa mbele wakajibana kwenye waya, wa nyuma wakawasukuma. Mlio ule sitausahau.

Abti akamwuliza mlinzi kwa Kiswahili chake, "Ng'ombe yangu itabita wabi?" Mlinzi akasema hana amri ya kufungua. Abti akanigeukia. Kwa Kisomali, kwa upole kabisa: "Deka, kile kivuko kiko wapi?"

Nikasema sijui. Uongo wa pili.

Wakaigeuza mifugo kuelekea malka nyingine, mbali, jua likiwa utosini. Ng'ombe watatu hawakufika. Mmoja alikuwa na mimba.

Jumapili, 14 Septemba
Vijana wanasema kesho watachoma mitambo. Askari wameongezwa, wana bunduki. Wallahi, mtu anaweza kufa hapa kwa sababu ya sentensi yangu moja. Naogopa. Naogopa pia kusema. Woga wa pili unanitia aibu zaidi.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimesema.

Niliwahi kabla vijana hawajaondoka. Nilikuwa na picha ya mchoro kwenye simu, niliyoipiga siku ile kabla Kioko hajaukunja. Nikasimama mbele ya wote, wanaume na wanawake, nikawaonyesha kivuko kimoja, mahali kilipo. Halafu nikawaambia alichosema Kioko, neno kwa neno. Halafu nilichosema mimi.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mama mmoja akasema, "Sisi tulikusikiliza kwa sababu ya mama yako." Abti Gedi akainuka, akajifuta vumbi, akaenda kuswali. Hakurudi.

Mitambo haikuchomwa. Hasira iliyokuwa inaenda huko ilibaki kwangu. Heri hivyo. Wazee wameamua kupeleka malalamiko kaunti.

Jumatano, 17 Septemba
Nimefutwa kazi. Kioko mwenyewe alinipa barua. Hakunifokea.

"Mimi niliwaomba wakubwa warudishe vile vivuko," akasema. "Mara mbili. Walikataa."

"Mbona hukusema barazani?"

"Na wewe je?"

Tukatazamana kama watu wawili waliokamatwa pamoja. Nikamwomba aliandike hilo la kuomba kwake na kukataliwa. Akasema atafikiria.

Jumatatu, 22 Septemba
Nimepeleka taarifa yangu kaunti. Kila kitu kimo, na jina langu kamili. Karani aliisoma yote mbele yangu, polepole, akinitazama kila mwisho wa ukurasa. Nikangoja.

Kioko naye amepeleka yake. Nusu ukurasa tu, lakini ametia sahihi.

Hooyo ameambiwa sokoni mambo aliyoambiwa. Hakunisimulia hata moja. Alipika, akanipakulia, akaenda kulala mchana. Hajawahi kulala mchana.

Ijumaa, 26 Septemba
Kazi imesimamishwa. Ua pale malka umefunguliwa mpaka mchoro utazamwe upya. Mifugo inakunywa. Alhamdulillahi. Nimezisikia habari hizi kwa jirani. Abti hajapiga simu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Abti Gedi amekuja. Sikumtarajia. Amekonda.

Kampuni imetoa mchoro mwingine na fomu mpya. Vivuko viwili sasa, kimoja malka. Amekuja na karatasi zote kwenye mfuko wa plastiki. Amekuja pia na mwalimu wa shule ya kwao, mwanamke mtaratibu, anayejua lugha zote mbili.

Abti akaweka karatasi mbele yangu. "Soma," akasema.

Nikasoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kisomali. Mwalimu alikuwa na nakala yake mapajani, anafuata kwa kidole. Mwisho wa kila kifungu nilinyamaza, Abti akamtazama mwalimu. Mwalimu akasema, "Ndivyo." Kisha nikaendelea. Kurasa zote hivyo.

Tulipomaliza, hooyo akaleta chai. Abti alikunywa kikombe chake, akasukuma kikombe mbele yangu, nikamwongezea.