Tope Ndani ya Tone

Ljubljana, 4 Mei 2009

Baba mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Ninaning'iniza tone la maji ya chumvi hewani kwa umeme, dogo hata jicho halilioni bila kioo cha kukuzia, kisha naikausha hewa polepole nione litaganda lini kuwa chembe ya chumvi. Vitabu vinasema unyevu ukishuka hadi asilimia arobaini na tano. Langu linaganda kwenye hamsini na mbili! Profesa Kobal anasema chombo changu kinavuja. "Neža, nipe sababu kabla ya tarehe 22, la sivyo nafasi yako ya utafiti nampa mwingine." Nimekikagua mara sita, hakivuji. Nisaidie kuwaza, wewe uliyevuna chumvi maisha yako yote.

Binti yako, Neža

Sečovlje, 9 Mei

Neža wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, usihofu. Umetumia chumvi gani? Maana nakujua. Kama ni ile niliyokupa Krismasi, mwambie huyo profesa aache kukisingizia chombo. Ina tope. Hata bwawani maji yenye tope hushika chumvi kabla ya maji safi, kwa sababu chumvi imepata pa kuanzia. Nakutumia pakiti mbili: nyeupe ya jirani yetu Dušana, na yangu. Zijaribu zote.

Baba yako

Ljubljana, 15 Mei

Baba!

Shikamoo, u mzima, mimi mzima, tuyaache hayo! Ya Dušana: arobaini na tano, mara ishirini mfululizo. Yako: hamsini na mbili. Nikaichuja yako: arobaini na tano! Nikatia udongo kidogo kwenye ya Dušana: hamsini na moja! Nilipiga kelele hadi Kobal akaja na kahawa yake mkononi.

"Umeleta chumvi ya mezani kwenye maabara yangu?"

"Ya baba yangu."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nafasi ni yangu! Tutaliandika jambo hili jaridani, maana chumvi ya bahari hukutana na vumbi huko juu mawinguni.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Wewe unailea petola, ule utando wa sakafu ya bwawa, ili tope lisiguse chumvi. Umewasimanga watu miaka mingi kwa petola iliyochanika. Tope limefikaje kwenye chumvi yako?

Binti yako, Neža

Sečovlje, 19 Mei

Neža wangu,

Marahaba, na hongera! Dušana ameisoma barua yako mara mbili, sasa anaringa soko zima.

Nilijua nikitaja tope utauliza. Lakini ilikuwa ama siri yangu ama nafasi yako. Macho yamekwisha, mwanangu. Mwaka jana petola ilichanika chini ya reki yangu, nisiione. Hukushangaa mwandiko wangu umenyooka? Tangu Januari mimi nasema, Dušana anaandika. Usije. Kazi yako imeanza.

Baba yako

Ljubljana, 21 Mei

Baba,

Kobal amenipa kiangazi chote, na chombo kidogo cha kubeba. Nitapima matone pembeni ya bwawa letu. Wewe utapapasa petola kwa nyayo uniambie ilipolegea, mimi nitaiziba.

Dušana, msomee hii kwa sauti. Na akikuambia uandike kwamba nisije, usiandike. Nitakuwa nimeshapanda basi.

Binti yenu, Neža